Sindano ya Munganga Wetu

Kazi tatu, yaani Jumatano, tarehe 12 ya mwezi wa kumi na moja. Ukungu ulikaa juu ya migomba mpaka watoto wa shule walipotoka mapumziko, halafu jua likawaka kali bila upepo. Mvua haikunyesha.

Leo nimetoka kwa Munganga. Kabla sijaandika yaliyotokea huko, nataka kuandika yeye ni mtu wa namna gani, kwa sababu nikianza na ya leo nitamwonea. Nilisoma mpaka darasa la sita la primeri tu, na ninajijua: nikiwa na hasira kalamu yangu inaegemea upande mmoja.

Kwetu, hapa kati ya Kibua na Ntoto, kila anayevaa blauzi nyeupe ya hospitali anaitwa Munganga, hata kama hakusomea udaktari. Huyu wetu alikuwa muuguzi. Alikuwa mkuu wa kituo cha afya, na kwa muda mrefu alikuwa mkuu wa nafsi yake tu, maana hapakuwa na mwingine. Watoto wote wa kijiji hiki wenye umri kati ya miaka kumi na thelathini wamepita mikononi mwake. Wangu watano wamepita. Wanne wanatembea sawa. Asifiwe, wa tatu, anaburuta mguu wa kushoto tangu sindano ya kinini, ile dawa ya malaria, aliyompiga takoni akiwa na miaka mitatu. Sasa ana kumi na saba.

Miaka hiyo yote nimetaka kitu kimoja kwa Munganga: aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea. Sikutaka kumpeleka kwa chifu, wala kumwaibisha kanisani. Neno hilo tu.

Sasa niseme alivyo.

Alikuwa hasalimu kama watu. Ukifika na mtoto mgongoni haulizi umeamkaje, anauliza, "Amekojoa?" Ukisema mtoto amelala vizuri, anakasirika. "Usiniambie amelala. Hata mugonjwa sana analala. Uniambie amekojoa mara ngapi." Wanawake tulicheka sana kwa swali hilo. Tukikutana mtoni tulikuwa tunasalimiana nalo: "Dada, umekojoa?" Lakini ninakubali kwamba mpaka leo mtoto yeyote akiletwa kwangu, ndilo swali la kwanza linalonitoka. Mimi sasa ni reko, yaani mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo. Kazi hiyo yeye ndiye aliyenipa. Hilo pia nisilifiche.

Mikono yake ilinuka sabuni siku zote. Akitoka kunawa hakukubali kushikwa kiganja, anakupa kifundo cha mkono umshike hapo. Watu wa nje walidhani ni kiburi. Kiburi alikuwa nacho, ila hakikuwa hapo.

Kiburi chake kilikuwa katika kubadilisha dawa. Dawa za watoto zimebadilika mara nyingi tangu niolewe, na kila zilipobadilika Munganga alizitangaza kana kwamba alisema hivyo tangu mwanzo. Nilipokuja hapa nikiwa bibi arusi, mtoto akiharisha tulimnyima maji. Ndivyo mama zetu walivyofanya: anavuja, kwa nini umjaze? Munganga alipita nyumba zote na chupa ya bia tupu na vifuniko vya soda, akatufundisha kupima sukari na chumvi ndani ya maji yaliyochemka. Alipiga kelele mpaka tukajua. Mimi niliimba vipimo vile nikilima. Halafu zikaja pakiti za unga na vidonge vya zinki, na siku hiyo akatuambia mambo ya vifuniko tuyaache kabisa, mtu anaweza kukosea chumvi akaua mtoto.

Mama mmoja mwenye duka, mtu wa upande wa Butembo, mdomo wake haukuwa na mlango. Akasema, "Munganga, si weye njo ulitufundisha bifuniko?"

"Miye?"

"Weye. Mu lupango yangu, pale mbele ya mulango. Ulikunywa na chai."

"Nilifundisha maji. Bifuniko ni benyewe mulipenda."

Tulicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka moyo. Si kwamba kipya kilikuwa kibaya. Kipya kilikuwa kizuri, watoto walipona. Kilichonikera ni kwamba alituachia sisi ujinga wote wa jana, yeye akabaki safi.

Na watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia ni vilevile. Zamani aliwalaza ndani ya katoni ya sabuni, na chupa za maji ya moto zimefungwa vitambaa kuzunguka. Wengine waliishi. Mmoja chupa ilimuunguza bega. Halafu aliitwa kwenda mji wa Mubi kwa mafunzo ya juma moja, akarudi akasema katoni mwisho, mtoto afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na mama akichoka baba ashike. Baba wa kwanza kushikishwa alikuwa mwindaji, mtu mkubwa mwenye makovu, mkewe alikuwa ametoka damu nyingi hawezi kukaa. Munganga akamvua shati mwenyewe, akambandika mtoto, akamfunga kitenge. Yule mwindaji akakaa kwenye kibaraza cha kituo bila kupumua vizuri, na wenzake wakapita njiani na mbwa wao.

"Kaka! Unanyonyesha?"

"Ataota mabele kama mwanamuke huyu!"

"Mutamuamusha," alisema yeye polepole. "Mupite."

Alikaa hivyo siku kumi na tisa. Mtoto yule sasa anachunga mbuzi, na akiwa na makosa baba yake anamwambia, "Miye nilikuzala pia, usinizarau." Kwa jambo lile ninampa Munganga heshima yote. Lakini nilipomuuliza, "Na zile katoni, Munganga?" alinitazama machoni akasema, "Katoni gani?" Na katoni ilikuwa pembeni pale, nyuma ya mlango, na kitambaa chake ndani.

Wale waliomjua kijuujuu wanasema alikuwa mwoga wa wakubwa. Si kweli kabisa. Ninajua habari ya chanjo. Kituo kilikuwa na friji ya mafuta ya taa kabla hawajaleta hii ya jua. Friji ile ilikuwa mgonjwa kuliko wagonjwa. Ili kuona kama moto wake chini unawaka bluu, lazima ulale kwa tumbo na kuingiza kioo kidogo. Munganga alikuwa analala kwa tumbo mbele ya friji mara tatu kwa siku, blauzi yote vumbi. Katekista aliwahi kuomba aweke humo chupa moja tu ya soda kwa ajili ya padri aliyekuja kutembelea. Alifukuzwa mpaka barabarani. "Padri atakunywa ya moto!" Munganga alimpigia kelele mbele ya watu, na yeye ni Mkatoliki wa misa ya kila siku ya Mungu.

Tulipokimbia vita, kila mtu alichukua kitu. Mimi nilichukua watoto na sufuria, kadi zao ndani yake. Mume wangu godoro. Munganga aliacha redio yake, aliacha nguo, akabeba mgongoni lile sanduku la chanjo na barafu yake, akatembea nalo msituni siku mbili. Tulipofika kule tulikopokelewa, kabla hajatafuta pa kulala, alipanga watoto wetu mstari chini ya sheeting, lile turubai la msaada, akawachoma wote, akisema barafu inaisha. Tulimlaani. Watoto walikuwa wamechoka, wanalia, na yeye anawachoma. Miezi michache baadaye surua ikaingia pale, ikachukua watoto wa watu niliokuwa ninateka nao maji. Wetu hawakupata. Nimeandika hili nikiwa na hasira naye, ili siku nyingine nikisoma nijue sikulificha.

Lakini ninarudi kwenye sindano.

Hapa kwetu, mtoto ambaye hakuchomwa hakutibiwa. Ndivyo tulivyoamini sote, na bado wako wanaoamini. Dawa ya kunywa ilikuwa ya kikohozi. Homa ya kweli ilitaka sindano. Ukirudi kutoka kituo, mama mkwe haulizi mtoto anaendeleaje, anamgeuza, anavuta kaptula, anatafuta pamba takoni. Akiiona pamba, unapewa chakula. Asipoiona, unaulizwa ulikuwa unatembea wapi tangu asubuhi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkali kwa hilo kuliko wote.

Asifiwe alipata homa ya malaria. Vidonge vipya vya malaria vilikuwa vimefika kituoni, vya manjano. Munganga alimpa kimoja akatapika. Kilichofuata ninakikumbuka vibaya. Ninakumbuka wanawake kwenye benchi wakisema, "Amutobole shindano tu." Ninakumbuka kitako cha mtoto kikiwa kidogo kama ngumi. Ninakumbuka alilia kilio kingine, si kile cha sindano, na mguu ukaning'inia. Homa iliisha. Hilo ni kweli, homa iliisha siku ya tatu. Mguu haukurudi. Nilimpeleka tena mara nne. Munganga aliushika, akaugeuza, akasema, "Malaria ilipanda ku mishipa." Mara ya nne hakusema kitu.

Na hapa ndipo anaponishinda. Juma lililofuata sindano ile, Munganga alianza mtindo mpya. Mama akiomba sindano, alimlaza mtoto, akasugua tako na pombe ya dawa, akabandika pamba na plasta bila kuchoma kitu, halafu akampa mama vidonge akisema, "Hii ni ya kufunga shindano, asipomaliza shindano itatoka." Kijiji kizima kilimeza vidonge vile kwa sababu ya pamba ya uongo. Watoto wengi walipona bila kuguswa na sindano, na mama wakwe walifurahi. Mimi nilikuja kulijua nilipokuwa reko, aliponionyesha mwenyewe, anacheka. Nilicheka pia. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni nikashindwa kuwasha moto. Kwa nini hakubandika pamba ya uongo juma moja kabla?

Jambo lingine ambalo sijalisamehe. Palikuwa na bibi mmoja mzee aliyekata vilimi vya watoto, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa wembe uliopindwa. Alidhani ndicho kinacholeta kikohozi na kutapika. Mtoto mmoja alitoka damu akakaribia kufa. Munganga alimwita bibi yule mbele ya chifu na watu wote, akainua wembe wake juu, akamwita mharibu wa watoto wa watu. Siku ya Mungu iliyofuata, bibi alisimama baada ya misa, ameshika fimbo, akasema:

"Bamama, nilikataka bilimi ya batoto benu. Miye nilizani ninasaidia. Kumbe nilikosa. Musiniletee tena, na ule ambaye mutoto wake nilimuumiza, anisamehe."

Watu walipiga makofi. Munganga alipiga makofi kuliko wote. Asifiwe alikuwa na miaka sita, amekaa mapajani mwangu, mguu umelala. Niliangalia mikono ile inavyopiga makofi mpaka watu wa misa ya pili walipoanza kuingia.

Sasa ya leo.

Munganga alistaafu, macho yamemwishia. Kituo kina muuguzi kijana, na juma hili alinituma nipange karatasi za zamani kabatini, panya wameingia. Katikati nikakuta karatasi kutoka ofisi ya afya, ya Kifaransa. Ninasoma Kifaransa kwa kidole. Ilisema kinini isichomwe tena takoni kwa watoto kwa sababu inaharibu mshipa wa mguu. Chini kulikuwa na muhuri wa kupokelewa na saini ya Munganga na tarehe. Nilikwenda nyumbani nikatoa kadi ya Asifiwe, ile iliyoandikwa kila dawa aliyopewa. Karatasi ilikuwa imetangulia sindano kwa miezi mitatu.

Nilikaa nayo siku mbili. Leo asubuhi nikamwambia Asifiwe, "Twende kwa Munganga." Hakuuliza kwa nini. Alivaa viatu.

Tulimkuta mbele ya nyumba anachambua maharagwe kwa vidole, anahisi mawe. Mkewe alikuwa nyuma jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Nani?"

"Ni Mama Asifiwe, Papa Munganga. Niko na Asifiwe."

"Asifiwe! Amekojoa?"

"Niko na miaka kumi na saba," Asifiwe alisema.

"Basi unakojoa muzuri." Alicheka peke yake.

Nilimwambia nimekuja na karatasi, kwa kuwa haoni nitamsomea. Nilianza kusoma. Nilipofika neno la pili alinisahihisha matamshi. Neno la tano pia. Mimi nina hasira, na yeye ananifundisha Kifaransa. Nilimaliza.

"Hii niliisoma," alisema. "Njo signature yangu hapo chini?"

"Njo yake. Kadi ya mutoto iko hapa. Ulimupiga shindano miezi tatu baada ya kupokea hii karatasi."

Aliacha maharagwe. Kinu kilikuwa kinalia nyuma ya nyumba.

"Uliniomba," alisema.

"Niliomba?"

"Mara tatu. Nilikuambia tungoje kidogo, tumupe kidonge ingine. Ukasema mama mukwe atakufukuza, sababu ulikuwa umeshapoteza mimba ya kwanza. Ukashika blauzi yangu hapa." Aligusa kifua chake mahali pa mfuko.

Habari ya mimba yangu ya kwanza niliyoipoteza, na maneno ya mama mkwe, hakuna angeyajua kama sikumwambia mwenyewe. Daftari langu la wakati ule lilibaki tulipokimbia, siwezi kulifungua nikatafuta. Kwa hiyo ninaandika: inawezekana niliomba. Ninaamini niliomba. Nilisimama pale na karatasi yangu nikahisi imekuwa nzito upande wangu pia.

Halafu nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Miye nilikuwa na kitenge, Papa. Weye njo ulikuwa na blauzi."

Akageuza uso kuelekea Asifiwe, pale alipodhani amesimama.

"Mutoto, tembea kidogo nisikie."

"Sitembei," Asifiwe alisema. "Siko mbuzi ya soko."

Nilitaka kumkemea, ni mzee. Sikumkemea. Munganga alipapasa maharagwe, akayasukuma pembeni. Kisha akasema, "Mama Asifiwe, utuache kidogo, miye na yeye."

"Karatasi ni yangu," nilisema. "Miye njo nilikuja."

"Najua. Utuache."

Nilimtazama Asifiwe nikitegemea akatae. Alikuwa ameshavuta kile kiti kidogo, anakaa, amenyoosha mguu mbele yake.

Nikaenda nyuma. Mke wa Munganga alikuwa anapumua kwa shida juu ya kinu. "Nipokee, mama," alisema, "mabega imeisha." Ningesimama kimya ningesikia kitu, ukuta ni wa matete. Lakini mwanamke mzee amekunyooshea mchi, utafanya nini? Nikapokea, nikatwanga. Kila nilipopunguza mkono ili nisikie, aliangalia ndani ya kinu akasema, "Bado, bado iko na nyuzi." Nilitwanga mpaka majani yakawa uji. Miaka kumi na nne ninasubiri neno, na lilisemwa, kama lilisemwa, wakati mimi ninapiga kelele kwa mikono yangu mwenyewe.

Asifiwe alikuja kunichukua. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, ila moshi wa jiko ulikuwepo pia, siwezi kuapa. Mke wa Munganga akatufungia sombe kwenye jani la mgomba. Nilipopita mbele kumuaga Munganga, alikuwa amerudi kwenye maharagwe. Akanipa kifundo cha mkono, nikakishika.

Njiani nilivumilia mpaka darajani.

"Alisema nini?"

"Alisema."

"Alisema alikosea?"

Asifiwe aliendelea kutembea. Anapotembea na mimi huwa ninapunguza mwendo, na leo niliona yeye ndiye aliyepunguza, ananisubiri mimi.

"Asifiwe. Alisema nini?"

"Mama," alisema, "muguu ni yangu."

Nilikasirika. Bado nimekasirika. Nilikuwa na haki ya kusikia, mimi niliyembeba mgongoni mpaka miaka saba. Na hapohapo ninajua kwamba tangu akiwa na miaka mitatu, hata siku moja sikumuuliza yeye anataka aambiwe nini. Sijui nifanye nini na mambo haya mawili, kwa hiyo nayaacha hapa yote.

Karatasi nimeirudisha kabatini kituoni, mahali pake, kwa tarehe yake. Kadi ameichukua Asifiwe.

Jioni tumekula bugali ya muhogo na ile sombe niliyotwanga, tumetia mawese na samaki mkavu mmoja. Ilikuwa laini sana. Asifiwe aliongeza mara mbili.